Kumsikiliza Mwenye Kilio

Soma kwa ajili ya somo hili: Ayubu 1–3, 21:2, 42:7-8, 2 Samweli 1:11-27, Zaburi 90, Zaburi 137, Yohana 11:17-37.

Fungu la kukariri: Warumi 12:15.

Sehemu kubwa ya Biblia ni mashairi. Zaburi, Mithali, Maombolezo, karibu kitabu chote cha Ayubu na kurasa nyingi za manabii ziliandikwa kwa lugha ya ushairi. Msomaji wa Kiswahili hulisahau jambo hilo kwa urahisi, kwa sababu ushairi wa Kiebrania hautegemei vina na mizani. Hutegemea wazo linalosemwa, kisha kurudiwa kwa namna nyingine. Na mengi ya mashairi hayo yanahusu mambo matatu: kile ambacho mtu amepoteza, kile alichopewa, na siku zinazopita bila kurudi.

Waumini huuliza mara nyingi mashairi haya yanafundisha nini. Ni mara chache huuliza swali lililo karibu nalo: mtu anapoueleza msiba wake kwa wimbo, zaburi au maombolezo, yule anayemsikia anadaiwa nini? Swali hilo linagusa kila kanisa. Linamgusa anayeisikiliza kwaya kwenye mazishi, jirani anayeketi na mjane anayemtaja marehemu kwa sifa zake, na kikundi cha Shule ya Sabato kinachofungua Zaburi wakati mmoja wao amezika juzi.

Marafiki watatu

Elifazi, Bildadi na Sofari wanakumbukwa kwa ubaya, lakini walianza vizuri kuliko wengi. Soma Ayubu 2:11-13. Walitoka mbali, wakalia, wakaketi chini pamoja na rafiki yao siku saba usiku na mchana, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa maana waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makubwa. Lau kitabu kingeishia hapo, wangekuwa mfano kwa kila anayekwenda kufariji.

Kilichowaangusha ni shairi. Katika sura ya 3 Ayubu anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Maneno ni makali, na marafiki wanashtuka. Elifazi anauliza kama kuna mtu asiye na hatia aliyewahi kuangamia (4:7). Bildadi anadokeza kwamba watoto wa Ayubu walikufa kwa dhambi zao (8:4). Sofari anasema Mungu amemdai Ayubu pungufu ya alichostahili (11:6). Waliweza kuvumilia ukimya wa mwenye msiba, lakini hawakuweza kuvumilia sauti yake. Waliyasikiliza maombolezo kama mwalimu anayesahihisha daftari, wakitafuta mahali mwanafunzi alipokosea.

Ayubu mwenyewe aliwaambia alichohitaji. Katika 21:2 anawaomba wayasikilize maneno yake kwa bidii, na kusikiliza huko ndiko kuwe faraja yao kwake. Hawakumpa. Mwishoni Mungu anasema kwamba marafiki hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu (42:7). Hilo linashangaza, kwa kuwa Mungu huyohuyo alikuwa amemkemea Ayubu kwa kunena bila maarifa (38:2). Kumbe kilio kinaweza kuwa na maneno ambayo mlizi hatayashikilia baadaye, na bado kikawa cha kweli mbele za Mungu. Ayubu alimlilia Mungu, huku marafiki wakimzungumzia Mungu.

Maneno ya Ayubu katika kinywa cha jirani

Mazishi mengi ya Kikristo nchini Tanzania hayapiti bila Ayubu 1:21 kutajwa. Ni sawa litajwe, kwa maana ni neno la imani kubwa: aliyepoteza kila kitu anakiri kwamba alivyokuwa navyo vilikuwa vya kupewa. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, neno hilo lilisemwa na mfiwa. Hakuna rafiki aliyemwambia Ayubu. Mama aliyezika mtoto akilitamka kwa hiari yake, ametoa sadaka. Jirani akimtamkia mama huyo kabla udongo haujakauka, anaweza kuwa anamdai sadaka ambayo bado hajawa tayari kuitoa. Maneno ni yaleyale, lakini tendo si lilelile.

La pili, msomaji wa sura ya 1 anajua jambo ambalo Ayubu hakulijua. Aliyenyosha mkono dhidi ya mali na watoto wake alikuwa Shetani (1:12). Waadventista wanaliweka jambo hili ndani ya Pambano Kuu kati ya Kristo na Shetani. Kwa hiyo haifai kulitumia neno la Ayubu ili kumfanya mfiwa aamini kwamba Mungu ndiye aliyemuua mtoto wake. Tena, anayelichukua fungu la 1:21 na kuiacha sura ya 3 amemnyima Ayubu sehemu kubwa ya kitabu chake. Aliyelihimidi jina la Bwana na aliyeilaani siku yake ni mtu mmoja.

Si mtihani

Watanzania wengi hukutana na mashairi ya maombolezo darasani. Shaaban Robert (1909–1962), mshairi wa Tanga, alimlilia mkewe Amina kwa shairi lililomo katika kitabu chake Maisha Yangu. Darasani shairi la namna hiyo hufuatwa na maswali: mtunzi ana dhamira gani, ametumia tamathali zipi, beti zina mizani mingapi. Maswali hayo yana kazi yake. Lakini mtu anaweza kuyajibu yote na kupata alama zote bila kukumbuka kwamba palikuwa na mwanamke aliyekufa na mume aliyebaki. Tabia hiyo humfuata msomaji hadi kwenye lesoni. Zaburi inasomwa, mafundisho matatu yanaorodheshwa, na aliyeilia zaburi hiyo hajasikilizwa.

Linganisha na Daudi. Alipopata habari za Gilboa, yeye na watu wake waliomboleza na kufunga hadi jioni (2 Samweli 1:11, 12). Ndipo akatunga maombolezo juu ya Sauli na Yonathani, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe wimbo huo (1:18). Wangeweza kufundishwa orodha ya makosa ya Sauli, nayo ilikuwa ndefu. Daudi alitaka taifa lijifunze kulia, hata kumlilia mfalme aliyekuwa amemwinda. Katika Israeli kuomboleza lilikuwa somo, na njia ya kujifunza ilikuwa kuimba pamoja na aliyefiwa.

Kando ya mito

Hakuna mahali ambapo jambo hili ni zito kuliko katika nyanda za juu za Kigoma. Wilaya ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Wilaya ya Kibondo imewahi kuwa na kambi ya Nduta. Wenyeji nao wana kumbukumbu zao. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza kuwahamisha watu kutoka makazi yao ya asili kwenda vijiji vya ujamaa, na wazee waliokuwa vijana wakati huo wanajua waliacha nini nyuma.

Mkimbizi kambini na mwenyeji mjini Kasulu hufungua lesoni moja, Sabato moja. Wakifika Zaburi 137, hawasikii kitu kimoja. Kwa mmoja, wale walioketi kando ya mito ya Babeli ni watu wa zamani. Kwa mwingine kuna mto anaoujua kwa jina, Malagarasi, ambao kwa sehemu ndio mpaka wa Tanzania na Burundi. Anajua pia maana ya kuombwa wimbo wa nyumbani na mtu asiyejua nyumbani pakoje.

Zaburi hiyo inaishia mahali pa kutisha. Mwimbaji anawatamania watoto wa Babeli kifo kibaya. Wasikilizaji wengi huliruka fungu la mwisho. Wengine, kwa hatari kubwa zaidi, wanaweza kulichukua kama ruhusa. Lakini tazama maneno hayo yalipelekwa wapi. Aliyeonewa alikuwa na kisasi moyoni, akakileta katika maombi, akakiacha mbele za Mungu, ambaye kisasi ni juu yake (Warumi 12:19). Kulisikiliza fungu hilo hakumaanishi kulikubali. Kunamaanisha kukiri kwamba dhuluma huzaa hasira ya namna hiyo, na kwamba ni heri isemwe katika maombi kuliko inyamaze na kutafuta silaha. Kiongozi wa kikundi anayelipita fungu hili haraka anaweza kuwa anamwambia aliyeponea chupuchupu kwamba sehemu hiyo ya moyo wake haina nafasi kanisani.

Zawadi ya muda

Kanisa linajua kutoa wakati wa msiba. Maharage, unga na kuni hufika, rambirambi huandikwa daftarini, akina mama wa Dorkasi hupika. Ni utoaji mwema. Lakini mtu anaweza kutoa vyote hivyo ili asikae. Soma Matendo 9:39. Petro alipofika Yafa, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha nguo ambazo Dorkasi aliwashonea. Nguo zile zilikuwa maombolezo yao. Alikuwa na kazi kubwa ya kufanya katika chumba kile, ila kwanza walimwonyesha, moja baada ya nyingine.

Zaburi 90 inasaidia hapa. Wasomaji wengi husimama kwenye fungu la 10 na kufanya hesabu: ni miaka sabini au themanini, nimebakiza mingapi? Zaburi yenyewe haisimami hapo. Fungu la 12 linaomba hesabu ya siku ambayo matunda yake ni moyo wa hekima. Ikiwa siku ni chache kiasi hicho, basi anayempa mwenzake saa nzima ya kumsikiliza amempa sehemu ya kitu asichoweza kukipata tena. Fedha iliyotolewa yaweza kurudi. Saa hairudi.

Ndiyo maana faraja hukoma mapema. Mvua za kwanza zikinyesha Kibondo na Kasulu, shamba la mahindi na maharage halimsubiri mtu. Waliokuja kuomboleza huondoka, na hawana kosa. Mfiwa hubaki na kilio ambacho hakijafika sura ya 3. Hapo Sabato ina jambo la kusema. Kila juma Mungu ametenga saa ambazo jembe limekwisha wekwa chini. Sabato mchana, miezi minne baada ya mazishi, ni wakati mwafaka wa kwenda kuketi na kusikiliza.

Martha na Mariamu

Mtu atauliza: je, huku si kuuficha ujumbe? Kanisa linaamini kwamba wafu wamelala na kwamba Kristo atawaamsha, na Paulo anaagiza waumini wafarijiane kwa maneno hayo (1 Wathesalonike 4:13-18). Anayenyamaza kuhusu tumaini amenyima dawa.

Pingamizi hilo lina uzito, na Yohana 11 inalijibu. Martha alimwambia Yesu kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa (11:21). Mariamu alisema neno hilohilo (11:32). Kilio kilikuwa kimoja, lakini majibu yalikuwa mawili. Kwa Martha, Yesu alisema habari za ufufuo. Kwa Mariamu, hakusema fundisho lolote. Aliuliza walipomweka Lazaro, akatokwa na machozi, ingawa alijua kwamba baada ya muda mfupi kaburi lingekuwa tupu. Tumaini halikumzuia kulia. Paulo naye hasemi wafiwa wasihuzunike. Anasema wasihuzunike kama wasio na tumaini.

Kwa hiyo hakuna kanuni ya kunyamaza daima, wala ya kuhubiri daima. Kuna wajibu wa kusikiliza kwa muda wa kutosha ili kumjua Martha na kumjua Mariamu. Na mara nyingine tumaini litatoka mahali lilipotoka kwa Ayubu. Baada ya hotuba nyingi, ni yeye, si marafiki zake, aliyesema anajua kwamba Mtetezi wake yu hai (19:25). Huenda wangelisikia mapema zaidi kama wangemwacha aseme.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini marafiki wa Ayubu waliweza kuketi kimya siku saba, lakini wakashindwa kuyavumilia maneno yake? Ni kitu gani katika kilio cha mwingine humfanya muumini aharakishe kujibu?

2. Ni lini Ayubu 1:21 humfariji mfiwa, na ni lini humlemea? Kikundi kitatofautishaje?

3. Someni Zaburi 137 yote kwa sauti, bila kuruka fungu la mwisho. Ni nani katika eneo la kanisa lenu anayeweza kuisikia tofauti na ninyi?

4. Tajeni, bila kujadili mambo yake ya siri, familia iliyofiwa miezi kadhaa iliyopita. Ni nani atakwenda kuketi nayo Sabato hii mchana?