Je, Mkasi Husema Uongo?

Mtu akiongeza kitu kwenye picha hatubishani naye sana. Akimbandika twiga juu ya kilele cha Mlima Kenya tutacheka, tutamwita mwongo, na kesi itaishia hapo. Lakini vipi yule ambaye hakuongeza chochote? Kampiga picha ndege porini, akaitazama, akakata pembeni kidogo, akakata chini kidogo, kisha akatuletea. Kila kilichomo kilikuwepo kweli. Je, huyu naye anaweza kuwa mwongo?

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba swali hili ni la wenye kamera peke yao. Wewe unayekesha na kalamu linakuhusu pia. Tutafika huko.

Kwanza tumpe mwenye mkasi haki yake. Hakuna picha isiyokatwa. Kamera yenyewe ni tundu: ukiielekeza huku, umekwisha kata kule. Halafu ndege wa porini ni wagumu, jamani. Hawakai wakatulia kama maharusi studio. Ukisogea hatua tatu, huyoo, karuka. Kwa hiyo unapiga ukiwa mbali, ndege anatokea kama punje ya mtama kwenye majani, na baadaye unakata ili aonekane. Na kukata kuna gharama. Picha ya pikseli milioni 24, ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, imebaki na milioni 6. Umenunua ukaribu kwa kuuza robo tatu ya picha.

Wajuzi watakuambia pia usimpigilie ndege katikati kama msumari. Msogeze upande mmoja, na mbele ya macho yake uache nafasi, ili awe na pa kutazama na pa kurukia. Sioni uongo hapo. Ni adabu tu, kama kumpisha mgeni mlangoni.

Sasa twende Ziwa Naivasha. Watalii wako mashuani, furukombe yuko juu ya mti. Mwenye mashua anapiga mluzi, anarusha majini samaki aliyekwisha kufa. Furukombe anashuka, kucha mbele, maji yanaruka, kamera zinalia kachakacha. Picha inapofika ukutani kwa mtu imebaki na ndege, samaki na maji. Mashua imekatwa. Mkono uliorusha umekatwa. Anayetazama anasema, “Ona mwindaji yule!” Lakini hapakuwa na mawindo pale, palikuwa na mlo ulioandaliwa. Ndege ni wa kweli, samaki ni wa kweli, maji ni ya kweli. Ni kama maneno matatu ya kweli yaliyopangwa yakatoa sentensi ya uongo.

Hata hivyo, Naivasha tumedanganywa kuhusu dakika moja tu. Nakuru, mwendo mfupi kutoka hapo, jambo ni zito zaidi.

Kwa miaka mingi Ziwa Nakuru lilijulikana duniani kwa heroe, ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Walikusanyika kwa malaki, mpaka ufuo ukawa wa waridi. Utakumbuka zile kalenda na kadi za posta: waridi, maji, anga, basi. Ungeapa kwamba mahali pale hapajawahi kukanyagwa na mtu. Kumbe mji wa Nakuru uko kilomita chache tu kutoka ufuoni. Mahali hapo palifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na katika miaka ya 1980 pakazungushiwa ua wa umeme. Maji machafu ya mji husafishwa, kisha huishia ziwani humo humo. Mji si doa lililoharibu picha. Mji ni sehemu ya anwani ya ndege yule.

Kisha, kuanzia mwaka 2010 hivi, ziwa likaanza kupanda. Lango kuu la hifadhi likaingia maji. Magadi ya ziwa yakazimuliwa, mwani ambao ndio chakula cha heroe ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Maji hayo hayo yakaingia kwenye nyumba za watu pembezoni mwa mji, nao wakahama. Ndege na binadamu walifukuzwa na ziwa moja. Lakini aliyelelewa na kalenda angewaunganishaje, wakati kalenda haikuwahi kumwonyesha kwamba ni majirani?

Hapo ndipo mkasi unaponitia hofu. Ukiwakata watu kila mara, unafundisha kwamba makazi ya ndege yanaanzia pale binadamu anapoishia. Mgeni akifunzwa hivyo, atamwona mwenyeji kama mvamizi kwenye mtaa wake mwenyewe. Na kijana wa Nakuru naye akifunzwa hivyo, ataona ziwa ni mali ya watalii. Atamtunzaje ndege ambaye ameambiwa haishi kwao?

Utaniuliza, kwani tuache kukata? Hapana. Kuacha kila kitu ndani hakukupi ukweli wa bure. Zile picha za Hifadhi ya Taifa ya Nairobi zenye maghorofa mgongoni mwa twiga hazikukata mji, lakini lenzi ndefu imeyavuta majengo mpaka yaonekane yamemwegemea mnyama. Na kuna mahali ambapo kukata ni wajibu. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, anaishi bundi mdogo asiyefika hata sentimita 20. Ni nadra kweli: nje ya msitu huo anajulikana mahali pachache tu, kama Usambara Mashariki, Tanzania. Anayempiga picha akaondoa njia na kibao ambavyo vingewaonyesha wengine mti anaolala, huyo amemsitiri.

Basi mimi nina kipimo kimoja. Mrudishie mtazamaji kile ulichokata. Akisema, “Sawa, ndege ni yule yule,” ulikuwa unapanga picha. Akisema, “Kumbe!” ulikuwa unamdanganya. Bundi wa Sokoke anafaulu hapo. Furukombe wa Naivasha na kalenda ya Nakuru wanaanguka.

Nasi waandishi tuwekwe kwenye mzani huo huo. Tukisimulia mtaa wetu, tunabakiza bunduki na mitaro, tunamkata bibi anayewachekesha watoto kibarazani. Tukisimulia kijiji, tunabakiza mbalamwezi, tunakata deni la mbolea. Hakuna tulichobuni, tunajitetea. Lakini aliyekatwa akisoma, atajiona kweli yuko nyumbani kwake?

Sisemi tuandike kila kitu. Hadithi ingekosa mwisho, na picha ingekosa ndege. Nasema kuna yale yanayogharimu kidogo. Chini ya picha ya furukombe, maneno mawili yanatosha: “Samaki alirushwa.” Na atakayekwenda Nakuru na kamera, ampige heroe vizuri, amwachie nafasi mbele ya macho yake, na nyuma yake ayaache mabati ya mji yang'ae kidogo.