Soma

Nilikuwa nafundisha watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo, hapa kigangoni kwetu Kasokola. Nikaandika ubaoni kwa chaki, herufi kubwa: SOMA. Bibi mmoja kutoka Katumba akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Mwalimu, nisome nini na mtungi haupo?"

Katumba ndiko walikopewa makazi Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Yeye alifika binti mdogo. Kwao kusoma ni kusoma kama kwetu, lakini pia ni kupiga funda, na tena ni kubusu. Mzee akikusogezea mrija wa pombe akakuambia "soma", usitafute miwani.

Nilimpelekea padri kisa hiki acheke. Akacheka, kisha akanitwisha mzigo mwingine: kwa Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, soma ni mwili. Ndilo neno lililomo pale Yesu anapowagawia mkate wanafunzi wake. Na Plato, katika Kratilo, aliyachezea maneno soma na sema: mwili na kaburi. Sema! Haya mawili watoto wetu wa darasa la kwanza huyamaliza kabla ya uji wa saa nne.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Neno, funda, busu, mwili: Misa nzima ndani ya herufi nne! Nikawasha taa, nikaandika mahubiri ya Jumapili ambayo padri hayupo. Kulipokucha nikayachana.

Herufi hizi zililetwa na wageni. Kabla yake Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Wagiriki wana zao. Yaandike soma letu na soma la Wagiriki kila moja kwa mwandiko wake wa zamani, mfanano wote unayeyuka. Mungu afiche ujumbe mahali unapofutika ukibadili alfabeti? Mimi siamini. Ila la Kirundi ni jingine. Pale kusoma, kunywa na kubusu vinakaa katika kinywa kimoja, na bibi yule alivijua vyote kabla hajaijua hata irabu moja. Ubao wangu haukumwongezea kitu hapo. Yeye ndiye aliyeniongezea.

Jumapili nyingine padri alikuja. Akasoma Injili, akainama, akakibusu kitabu. Upande wa akina mama, bibi akamgusa mjukuu wake kwa kiwiko.

"Sasa ndiyo kasoma."