Mpiga Kura Mwenye Usonji na Waombao Kura

Alhamdulillahi. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, ufikapo wakati wa uchaguzi, sisi tukaao miji ya pwani huyaona yale yale yaonwayo Kibabii, katika kaunti ya Bungoma, mahali penye Chuo Kikuu na Chuo cha Ualimu. Magari yenye vipaza sauti hupita, ngoma hupigwa, na waombao kura huahidi kila kitu kwa kila mtu. Leo twataka kumuulizia mtu mmoja asiyeulizwa neno katika siku hizo, naye ni mtu mwenye usonji.

Usonji si wazimu, wala si pepo, wala si laana iliyomshukia mama kwa dhambi yake. Hayo ni maneno ya waganga walao fedha za wenye dhiki. Usonji ni hali ya maumbile ya ubongo ambayo mtu hukua nayo tangu utotoni. Wako wasiosema kwa ulimi, na wako wasomi wafundishao wengine. Wengi huumizwa na kelele na msongamano, na wengi huyachukua maneno kama yalivyotamkwa. Mtoto huyo hukua, akatimia miaka 18, akawa raia kama raia wengine.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 38, yampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura kwa siri. Kifungu cha 54 chataka mwenye ulemavu aheshimiwe, wala asitajwe kwa namna ya kumtweza. Ni kweli kwamba kifungu cha 83 humzuia aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Lakini uvumi wa jirani si tangazo, wala hukumu ya mwombaji kura si tangazo, na usonji peke yake si tangazo. Tena sheria yamruhusu mwenye ulemavu asiyeweza kupiga kura peke yake asaidiwe kituoni na mtu amwaminiye.

Je, waombao kura hufanyaje? Mmoja humuuliza mama, "Huyu wako atanipigia?", na mwenyewe amesimama pale pale. Wa pili hugawa vitu mbele ya wapiga picha, kisha haonekani tena. Wa tatu, akitaka kumtukana mpinzani wake jukwaani, humwita punguani, na watu wakacheka. Hajui ni nani aliyeumia katika waliosikiliza.

Na tukumbuke sababu ya kushuka Sura ya Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitumai watasilimu. Akaja Abdalla bin Ummi Maktum, kipofu, akitaka kufunzwa dini. Mtume akakunja uso, na Mwenyezi Mungu akamwonya. Baadaye kipofu yule alikuwa muadhini, na Mtume akamwachia Madina alipotoka safarini. Basi ikiwa mbora wa viumbe ameonywa kwa kukunja uso mbele ya mtu asiyeweza kuuona, itakuwaje hali ya mtafuta cheo amdharauye mtu amwonaye na amsikiaye?

Tena amepokea Anas, katika Sahihi Muslim, kwamba mwanamke aliyekuwa na jambo katika akili yake alimwendea Mtume na haja yake. Mtume akamwambia achague njia aipendayo, akawa naye mpaka haja yake ikesha. Alisema naye mwenyewe, tena mahali alipopachagua yeye.

Huo ndio mfano. Mwombaji kura na aje bila kelele, aseme kwa maneno mafupi ya wazi, asubiri jibu hata likikawia. Asiyesema kwa ulimi na aonyeshwe maandishi au picha. Naye ajue kwamba mtu huyu huenda akaishika ahadi kama ilivyotamkwa. Kuishika ahadi hivyo si upungufu wa akili. Upungufu uko kwa mwenye kuahidi asitimize, na hiyo ni mojawapo ya alama za mnafiki.

Na sisi wazazi tuna wajibu wetu. Tusiwafiche watoto wetu nyuma ya mapazia. Wakitimia umri, tuwapeleke wachukue kitambulisho na waandikishwe, kwani Katiba imeuweka uchaguzi mkuu ujao Agosti 2027. Lakini tusiwachagulie. Amesaidiae aweke alama pale alipoambiwa, asiweke apendapo yeye. Kura ni amana, na Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Na atakayekuja kutuomba kura tumuulize: shule gani itawafunza watoto hawa, na kwa walimu gani? Asiyekuwa na jibu, tumeshamjua.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusimamisha uadilifu. Amin.