Kalamu ya Kijana ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya, enyi ndugu zetu Waislamu. Dini yetu haikuidunisha kalamu hata siku moja. Wahyi wa kwanza ulioteremka katika pango la Hira ulikuwa ni amri ya kusoma, na ndani yake kalamu ikatajwa; na katika Kur-ani iko sura nzima iliyoitwa kwa jina la Kalamu. Baada ya vita vya Badr, katika mwaka wa 2 wa Hijra, walikuwako mateka wa Makka wasiokuwa na mali ya kujikombolea, lakini walijua kuandika. Imepokewa ya kwamba fidia yao ilikuwa ni kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Na angalieni vizuri sharti lile: waliambiwa wawafundishe watoto, hawakuambiwa wawaandikie.

Tumeyatanguliza haya kwa sababu ya suala tuliloletewa na mzazi mmoja wa mji huu. Mwanawe amemaliza Kidato cha Nne, na ataka kuomba nafasi katika chuo kikuu huko Marekani. Chuo chataka insha ambayo kijana aeleze nafsi yake. Mwalimu wa tuisheni amesema ataiandika yote kwa ujira, na kazi ya kijana ni kutia jina lake tu. Mzazi auliza: Je, yafaa? Kwani asikia ya kuwa watu wengi hufanya hivyo.

Kwanza yapasa tufahamu ni kitu gani kinachotakwa. Hapa kwetu Kenya nafasi za vyuo vikuu hugawanywa kwa alama za mtihani, na mwanafunzi wa KCSE hana sifa ya kuingia chuo kikuu mpaka apate C+ au zaidi. Insha imo ndani ya mtihani wenyewe. Katika Kiswahili huandika insha mbili, kila moja alama 20. Na katika Kiingereza kuna karatasi ya tungo tatu, nazo kila moja ni alama 20. Kijana huyaandika hayo peke yake, saa inakwenda, msimamizi amemsimamia. Huko Marekani, vyuo vingi huzitazama alama kisha hutaka na insha. Na katika fomu moja itumiwayo na vyuo vingi sana, insha hiyo haipiti maneno 650. Sababu yake ni kuwa alama haziwezi kusema kijana huyu afikiri vipi, alelewa wapi, na ajali kitu gani. Kwa hivyo wataka wamsikie yeye mwenyewe. Tena mwombaji hutakwa athibitishe kwa sahihi yake ya kwamba aliyoyapeleka ni kazi yake na ni kweli.

Basi insha hiyo ni ushahidi. Na mtu akitia sahihi chini ya maneno asiyoyasema, huo ni ushahidi wa uwongo, hata kama maneno yenyewe ni mazuri.

Jawabu letu kwa mzazi huyu ni kuwa haifai. Si kwa mwalimu, wala kwa kijana, wala kwa baba anayetoa pesa. Nyote mwaijua khabari ya Mtume, S.A.W., alipopita sokoni akatia mkono wake katika rundo la nafaka. Juu ilikuwa kavu, na ndani vidole vyake vikakuta maji. Alimkemea mwenye mali kwa kuificha ile iliyorowa, akabainisha ya kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake. Insha aliyoandikiwa kijana ni nafaka hiyo hasa. Juu ni kavu, yang'ara. Atakapotia mkono mwalimu wa chuo, atakuta nini? Na katika sura ya Aali Imran Mwenyezi Mungu amewaonya wale wapendao kusifiwa kwa yale wasiyoyatenda. Ni lipi lililo karibu zaidi na onyo hilo kuliko kijana kupokewa na kupongezwa kwa maneno ya mtu mwengine?

Wako watakaosema, "Kila mtu afanya, na asiyefanya ataachwa nyuma." Hoja hii si ngeni kwetu, na matunda yake tumeyaona. Katika KCSE ya mwaka 2015 waliopata A walizidi 2,600, na wizi wa mitihani ukaenea hata baraza la mitihani likavunjwa mwezi wa Machi 2016. Ulipokazwa usimamizi mwaka huo wa 2016, waliopata A katika nchi nzima walikuwa 141. Hatusemi ya kuwa kila A ya mwaka wa kwanza ilikuwa ya wizi, hasha! Lakini fikirini dhulma aliyofanyiwa yule aliyeipata kwa jasho lake, kisha watu wakamtazama kwa shaka. Mwenye kughushi humwibia mwenziwe hata jina jema.

Na huko Marekani kwenyewe, mwaka 2019 walishitakiwa wazazi matajiri na mashuhuri waliotoa fedha ili majibu ya mitihani ya watoto wao yasahihishwe kwa siri, au watoto waingizwe vyuoni kwa sifa za michezo wasiyoicheza. Baadhi yao wakafungwa. Watu wale hawakukosa mali wala skuli nzuri. Walikosa kuridhika na kile ambacho mtoto aweza kukifanya kwa mkono wake.

Wako na watakaosema, "Mwalimu ametoa jasho, na ujira wa jasho ni halali." Twasema: jasho peke yake halihalalishi kitu, kwani hata mwizi hutoa jasho. Twajua ya kuwa katika nchi yetu vijana wengi waliohitimu wamekosa kazi, na baadhi yao wamepata riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani kazi za chuoni. Twawahurumia, kwani njaa ni kitu kizito, na ustadi wao ni wa kweli. Walakini biashara hiyo yasimama juu ya uwongo wa mnunuzi, na Mwenyezi Mungu ametukataza kusaidiana katika dhambi. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2022, imeifanya kuwa kosa la jinai kuwauzia wanafunzi wa England kazi hizo. Na kijana aliyeikimbia kalamu ya mwalimu akaiendea programu ya kompyuta, akaiamuru imwandikie insha nzima, hukumu yake ni ile ile. Sahihi ni yake na maneno si yake.

Wa mwisho watasema, "Mtoto atakosa nafasi." Huenda akakosa. Hatuwezi kumdanganya mzazi kwa kumwambia ya kuwa mkweli hapotezi kitu duniani. Lakini na atazame upande wa pili. Huyo aliyeandikiwa akiingia chuoni, juma la kwanza ataambiwa aandike. Juma la pili ataambiwa tena. Je, baba atamnunulia mwandishi kwa miaka minne?

Sasa, mwalimu afanye nini kilicho halali? Ajifunze kwa walimu wa Kur-ani. Mtoto anapokuja kusikizwa, mwalimu hutega sikio. Mtoto akikosa herufi, humrudisha, akikosa tena, humrudisha tena, wala hatujamwona mwalimu akimsomea mtoto juzuu nzima kisha akasema, "Huyu amehitimu." Na insha ni vivyo hivyo. Kwanza amwulize kijana maswali, na amwache aseme kwa ulimi wake: Ni jambo gani lililokufanya ubadili fikira yako? Ni kazi gani uifanyayo nyumbani asiyoijua mtu? Kisha amwache aandike, hata kama atakosea. Akiisoma insha, atie alama mahali palipopinda, na amwambie kwa nini pamepinda, lakini asinyooshe yeye. Kijana airudie mara ya pili, na ya tatu, na ya nne. Kisha aisome kwa sauti, kwa maana sikio husikia kosa ambalo jicho limelipita. Njia hii ni ndefu, na mwalimu huchoka, lakini kijana hutoka akiwa na kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya.

Na vijana wetu wana ugonjwa mmoja, nao ni kudhani ya kuwa hawana la kuandika. Huacha yao wakayatafuta maneno makubwa ya vitabuni, na mifano ya theluji ambayo hawajapata kuiona. Ewe kijana, baba yako amka alfajiri kwenda baharini, au mama yako apika mahamri ya kuuza kabla jua halijachomoza, na wewe wamwandikia hesabu zake. Hiyo ni elimu, na ni wewe uijuaye kuliko mtu mwengine. Iandike kama ilivyo. Usiitie chumvi, wala usijifanye masikini zaidi ya ulivyo ili uhurumiwe, kwani huo nao ni uwongo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia watu wa Mombasa mambo ya Mombasa, kwa Kiswahili chao.

Nasi wazee, tusidhani ya kuwa yote ni kazi ya mwalimu. Katika miji yetu wako walimu waliostaafu, na wako vijana wetu waliokwisha kusoma Pwani University na Technical University of Mombasa, na wengine ng'ambo. Kila mmoja katika hao akitoa jioni moja katika juma, baada ya sala ya Alasiri, akakaa na vijana watano, wa kiume kwa wakati wao na wa kike kwa wakati wao, tutakuwa tumewaondolea masikini haja ya kununua tuisheni, na tutakuwa tumemwondolea tajiri kishawishi cha kununua uwongo. Hiyo ni sadaka yenye kubaki, kwani ilimu yenye kunufaisha humfuata mtu hata kaburini.

Mzazi aliyetuuliza, twamwomba amlipe yule mwalimu ujira ule ule aliotaka kuandikia, lakini amlipe ili afundishe. Akikataa, basi amtafute mwengine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu kalamu zenye kusema kweli, awape walimu wetu subira, na atuepushe sisi wazazi na kuwapenda watoto wetu kwa mapenzi ya kuwaharibu. Amin.