Daftari la Wageni

Kisaki pana kituo cha reli ya TAZARA, na msafiri ashukaye hapo usiku hana budi kutafuta malazi. Katika nyumba moja ya wageni nilipewa daftari niandike jina, kabila, kazi, nitokako, niendako na namba ya kitambulisho. (Kabila lahusu nini na kitanda?) Mengine sikuyaonea ubaya, maana mwenyeji ana haki ya kumjua amlazaye. Lakini mstari uliotangulia wangu ulikuwa wa mwanamke asafiriye peke yake, na namba ya chumba chake ilikuwa papo hapo. Nilikwisha yajua hayo kabla sijavua viatu, wala si yeye aliyeniambia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, yataka taarifa za mtu zitunzwe kwa usalama. Je, kosa ni la daftari lililo wazi, au langu mimi niliyesoma? Macho hayana pazia, twasema. Lakini ningaliweza kuutazama mstari wangu tu. Naona mwenyeji ndiye aliyepewa amana, nami nikaingizwa ndani yake bila mwenyewe kuulizwa.

Niliomba karatasi, nikaifunika mistari ya juu. Mwenye nyumba akacheka, lakini hakuiondoa.