Haki ya Mwili na Mfuko wa Mnunuzi

Kiasi cha fedha kinachostahili kutumika kwa mashine ya mazoezi ya nyumbani huonekana kuwa jambo la dukani tu, lakini ndani yake mna maswali mawili ya kale. La kwanza ni la dini: mwili unamdai nini mwenyewe? La pili ni la falsafa: je, nia inanunulika? Anayesita kati ya kamba ya kuruka na mashine ya kukimbilia yenye mota yuko katikati ya maswali hayo, hata kama hajayapa majina.

Juu ya swali la kwanza, Uislamu na Ukristo hazipishani sana. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inasimulia jinsi Mtume alivyomwonya Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, akimkumbusha kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Haki hiyo ina mpaka: sura ya Al-Furqan inawasifu wanaotumia mali bila israfu na bila ubakhili. Kwa upande wa Ukristo, Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu, ilhali waraka wa kwanza kwa Timotheo unayahesabia mazoezi ya mwili faida ndogo yakilinganishwa na utauwa. Faida ndogo bado ni faida. Mwili hutunzwa, hauabudiwi, na gharama ya kuutunza hukaa chini ya chakula, karo na sadaka.

Deni lenyewe linapimika. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate kila juma dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani yanayoshughulisha moyo na mapafu, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Mapendekezo hayo yaliacha sharti la zamani kwamba kila kipindi kifikie angalau dakika kumi. Sasa hata kupanda ngazi kwa dakika chache kunahesabiwa. Hakuna mahali yanapodai mashine.

Aliyelikabili suala hili mapema, na kwa njia ya kushangaza kidogo, ni John Wesley (1703–1791), mwasisi wa Umethodisti nchini Uingereza. Mwaka 1747 alitoa kitabu cha tiba kiitwacho Primitive Physick, alichokiandika ili maskini wajitibu bila kumlipa daktari. Katika dibaji yake anasema zoezi bora ni kutembea kwa anayeweza, na kupanda farasi kwa asiyeweza. Katika mahubiri yake kuhusu fedha alifundisha kwamba Mkristo achume, aweke akiba, kisha atoe, kila jambo kwa uwezo wake wote, na alikemea samani za gharama na mapambo ya nyumba. Hata hivyo Wesley huyohuyo alipendekeza mashine ya mazoezi ya ndani. Ilikuwa kiti kilichofunikwa kwa ngozi, ndani yake mbao nyembamba zilizotenganishwa kwa springi. Aliyekikalia alijirusha juu na chini kama mpanda farasi. Kiti cha namna hiyo kinaonyeshwa hadi leo katika nyumba yake jijini London.

Hapo hapana mgongano. Kiti kile kilimfaa mgonjwa, mzee, au mtu aliyefungiwa ndani na mvua na baridi. Kilichukua nafasi ya farasi pale farasi aliposhindikana. Kanuni inayotokana na mfano huo ni rahisi kuitaja kuliko kuifuata: mashine huhalalishwa na kizuizi. Palipo na kizuizi cha kweli, fedha inalipia kuondolewa kwake. Pasipo na kizuizi, inalipia kitu kingine, mara nyingi sura ya sebule.

Vizuizi vya kweli vipo, na kila kimoja kina kifaa chake. Mlinzi wa zamu za usiku, mama mwenye mtoto mchanga, au mwanamke asiyeona usalama kukimbia alfajiri mtaani hana haja ya zaidi ya kamba ya kuruka na kibao imara cha kupanda na kushuka, mradi magoti ni mazima na jirani wa chini hasumbuliwi na kishindo. Magoti yakiuma, baiskeli ya mazoezi ina haki ya kufikiriwa, kwa kuwa kiti hubeba uzito wa mwili. Ya sumaku hudumu zaidi, kwa sababu sumaku inazuia gurudumu bila kuligusa. Yenye pedi ya kubana ni rahisi, ila pedi huchakaa na kubadilishwa. Mashine ya kukimbilia ndiyo inayodai zaidi: umeme, nafasi, mafuta ya silikoni chini ya mkanda, na fundi mota ikigoma. Wauzaji hupenda kutangaza nguvu ya kilele ya mota, ambayo hufikiwa kwa muda mfupi tu. Kipimo cha kuulizia ni nguvu ya kudumu.

Swali la pili ni gumu zaidi. Wanunuzi wengi hawana kizuizi cha nje. Wana uvivu, na wanatumaini bei kubwa itawalazimisha. Aristotle aliieleza hali hii katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako: mtu analijua jema, analitaka, na bado halitendi. Tumaini la mnunuzi linafanana na hila ya Odysseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, aliyejifungisha kwenye mlingoti wa meli ili asivutwe na nyimbo za Sireni, hila ambayo mwanafalsafa Jon Elster aliifanya kiini cha kitabu chake cha mwaka 1979. Lakini kamba za Odysseus zilikuwa zimekaza saa ileile ya kishawishi. Fedha iliyokwisha kulipwa haikazi chochote; ifikapo alfajiri ya tatu malipo yameshapita, na kulala hakuongezi gharama hata shilingi moja. Rafiki anayesubiri mlangoni hufunga kwa nguvu kuliko risiti, naye ni bure.

Lipo pia jambo la kuchosha, ambalo matangazo hulikwepa. Mashine ya kukimbilia ina babu asiyetajwa dukani: gurudumu la kukanyaga lililobuniwa na mhandisi William Cubitt mwaka 1818 kwa ajili ya magereza ya Uingereza. Wafungwa walikanyaga ngazi zisizokwisha kwa saa nyingi. Mwandishi Oscar Wilde alionja adhabu hiyo mwaka 1895. James Hardie, aliyeandika kuhusu gurudumu kama hilo huko New York mwaka 1824, alisema kitisho chake kilikuwa katika kujirudia kwake kusikobadilika, si katika ukali wake. Mwendo wa miguu unafanana. Hiari ndiyo inayoutenga na adhabu. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba kifaa kipimwe kwa uchovu wa akili kinaouleta kabla ya kupimwa kwa vitufe vyake. Njia ya kupima ni ya bei nafuu: kuazima, au kulipia siku chache kwenye jimu, na kukitumia bila muziki wala televisheni.

Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca, katika barua yake ya 15 kwa rafiki yake Lucilius, aliorodhesha mazoezi yanayouchosha mwili upesi na kuuokoa muda: kukimbia, kunyanyua vyuma, kuruka kwa namna mbalimbali, ikiwamo ile aliyoifananisha kwa mzaha na kazi ya dobi. Hakuna hata moja linalodai mashine. Mwenye kipato kidogo asiye na kizuizi hana sababu ya kidini wala ya kifalsafa ya kununua mashine ya mota. Mwenye kizuizi anayo, na mara nyingi baiskeli ya mtumba iliyo nzima inamtosha.