Kushuka Ndiyo Ngoma

Mpwa wangu wa Butembo, mashariki ya Kongo, anataka kununua jeep, jina ambalo huku kwetu tunalipa kila gari refu lenye tairi nene, liwe la kampuni yoyote. Amepata mawili kwa waagizaji wanaoyatoa Japani kupitia Mombasa na mpaka wa Kasindi. La kwanza ni Toyota TX ya miaka ya tisini, dizeli ya lita 3, gia za mkono. La pili ni Land Cruiser yenye V8 ya petroli, lita 4.7, otomatiki, na viti vya ngozi ambavyo ameshanitumia picha zake kutoka kila upande. "Mjomba," ameniandikia, "vitesi vya mkono au injini kubwa? Wewe ndiye uliyezaliwa Kanyabayonga."

Angekuwa Nairobi au Dar es Salaam nisingefikiri sana. Foleni za huko zinauchosha mguu wa kushoto. Chukua otomatiki, mwanangu, usikilize redio. Kwetu mwenye neno ni mlima.

Kanyabayonga imekaa ukingoni. Ukielekea kusini, mteremko wa Kabasha unaporomoka kona kwa kona hadi tambarare ya Rwindi, ndani ya Hifadhi ya Virunga, na siku isiyo na ukungu unaona Ziwa Edward likimeta, uso wake ukiwa mita 912 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea kaskazini, Barabara ya Taifa namba 2 inapita Kayna, Kirumba na Lubero mpaka Butembo, iliyo karibu mita 1,800. Samaki wa Vitshumbi, kando ya ziwa hilo, hupanda, maharage na viazi hushuka. Hakuna anayefanya biashara hapa bila kuulipa mlima kodi yake.

Tuanze na lita, maana ndizo zinazotulevya. Land Cruiser nyeupe za mashirika, zile zilizozoeleka kila kona ya Kivu, nyingi zina injini inayoitwa 1HZ: dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina tabo (turbo), na Toyota imekuwa ikiiunda tangu 1990. Nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 285. TX ya mpwa wangu, yenye lita 3 na silinda 4 tu, inaifikia na kuipita kidogo kwa sababu ina tabo. Njoo karibu zaidi na leo: katika Land Cruiser za mfululizo wa 70, V8 ya dizeli ya lita 4.5 inatoa 430, na ile ndogo ya lita 2.8 iliyoletwa humo mwaka 2023 inatoa 500. La kuchekesha ni kwamba ile V8 ilikuja na gia za mkono, na ndogo ndiyo iliyoletewa otomatiki. Mnunuzi wa magari hayo kule Australia aliulizwa swali la mpwa wangu likiwa limegeuzwa kichwa chini.

Halafu kuna hewa. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na moto wa ndani unakosa pumzi. Ile V8 ya petroli ya mpwa wangu haina tabo. Akifika nayo Butembo, karibu moja ya tano ya kile alicholipia kitakuwa kimebaki bandarini Mombasa. Nimemwambia hivyo na akanyamaza siku nzima, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Tuseme basi nguvu zimebaki, na zinatosha. Utazitumia wapi? Kwa miaka mingi kipande cha barabara cha Mabenga hadi Kanyabayonga kilipitwa kwa msafara, magari yakiongozwa na wanajeshi na walinzi wa hifadhi kwa sababu ya watekaji waliojificha porini. Nani asiyeikumbuka misafara ile? Tajiri yupo ndani ya gari lake la vioo vyeusi, na mbele yake Fuso limebeba magunia hadi linainama, na Fuso hilo ndilo linaloamua sote tufike saa ngapi. Hulipiti. Ukilipita, umetoka kwenye ulinzi. Nimekaa nyuma ya magari ya kila ukubwa katika misafara hiyo na sikuwahi kuona injini moja iliyofika kabla ya wenzake. Na pale palipo na tope, kati ya Kayna na Lubero wakati wa masika, mwendo ni wa mguu. Lori likizama, wakubwa na wadogo wanashuka na kutazama.

Gari la huku, kwa hiyo, ni la kujua kwenda polepole bila kuharibika. Watu hawalinunui kwa sababu hiyo, nafahamu. Hakuna aliyewahi kumwambia jirani yake kwa fahari, "Tazama linavyotambaa."

Mgeni anaogopa kupanda Kabasha. Mwenyeji anaogopa kuishuka. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni moja kwa vijana wao: shuka na gia ambayo ungepandia. Breki haiumezi mwendo, inaugeuza kuwa joto, na joto hilo likizidi mafuta ya breki yanachemka, kanyagio linakuwa laini kama umekanyaga mkate, na hapo huna tena la kumwambia mtu. Gia ya pili humlazimisha farasi aliye ndani ya injini kukushikilia. Waswahili wa pwani, ambao hawana mlima wa maana, ndio waliolisema vizuri kuliko sisi: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Hata chukudu, chombo cha mbao kisicho na injini wala gia, mwenye kujali maisha yake hukiwekea kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma akikanyage kwenye mteremko. Hakuna fundi aliyewahi kuwaza namna ya kukisaidia kupanda. Kwa kupanda kuna mabega.

Hapa wapenzi wa otomatiki watanikatiza, na wana haki. Otomatiki nayo ina L, ina 2. Anayeshuka Kabasha mkono ukiwa kwenye D ameshindwa na uvivu wake, gari halina kosa. Kwenye tope husukuma taratibu, bila kushtua tairi. Kuondoka kwenye mwinuko, lori likiwa limekuegemea nyuma, ni raha tupu. Aidha TX yenyewe si malaika. Kila fundi wa dizeli anajua kwamba injini ile ya lita 3 ikichemka sana, silinda hedi hupasuka, na kupanda Kabasha na mzigo mchana wa jua ni mwaliko wa kuchemka. Tena yote mawili yana usukani wa kulia, ya Kijapani hayo, na sisi Wakongo tunaendesha upande wa kulia. Ukitaka kulipita lori lazima umuulize abiria wako kama mbele kuna kitu. Nimepita Lubero nikiyategemea macho ya shangazi aliyekuwa anasinzia.

Bado, mkono wangu unaegemea kwenye vitesi, na sababu kubwa haipo kwenye vitabu vya Toyota. Usiku wa tarehe 28 Juni 2024 wapiganaji wa M23 waliingia Kanyabayonga. Siku mbili baadaye walikuwa Kirumba. Kanyabayonga, iliyokuwa imewapokea maelfu ya wakimbizi kutoka Rutshuru, ikawa yenyewe mji wa kukimbiwa. Watu walipanda kuelekea Lubero na Butembo, wengi kwa miguu, magodoro kichwani. Jamaa yetu mmoja alikuwa na gari bovu la gia za mkono, betri imekufa tangu Pasaka. Vijana wa mtaani wakalisukuma, akatia gia ya pili, akaachia klachi, likashika. Liliwachukua bibi, watoto na mbuzi. Gari la otomatiki kama ile V8, betri ikifa, ni kabati. Huwezi kulisukuma liwake, na ukilivuta vibaya unaua sanduku la gia.

Jambo la pili ni deni. Kwa V8 ile mpwa wangu atauza kahawa yote ya msimu na kukopa kwa wenzake kinachobaki. Anasema biashara inapanda. Ni kweli, inapanda. Lakini wafanyabiashara wa Butembo ninaowajua, wale waliodumu, waliojenga kwa matofali ya kununua kidogo kidogo, nguvu zao hazikuwa katika namna walivyopanda. Barabara ya Goma ilipokatika, waliweza kupunguza: duka moja badala ya matatu, lori moja badala ya mawili, na hakuna aliyewafuata kudai. Waliokopa kwa ajili ya fahari waliendelea na mwendo ule ule, maana deni halina gia ya chini. Mpwa wangu ananiambia nimekuwa mhubiri. Labda. Lakini V8 ya petroli hainywi mahubiri, na huku njiani petroli inauzwa kwa bidoni kwa bei anayoamua mwenye bidoni.

Nilidhani mjadala ni wetu sisi wawili, hadi mke wake aliponipigia. Anauza vitenge, na kati yao wawili ndiye anayesafiri zaidi, Beni na Kasindi, mara nyingi akiwa peke yake na mzigo.

"Mjomba, mnabishana wiki nzima kuhusu gari ambalo mimi ndiye nitakayeliendesha."

Nikamwomba radhi, nikamuuliza anataka lipi. Akasema alijifunza kuendesha kwenye Hilux ya baba yake, kwa hiyo klachi haimtishi, na viti vya ngozi vinaunguza mapaja juani. Kisha akauliza swali ambalo mimi na mumewe, kwa elimu yetu yote ya nyutoni-mita, hatukuwa tumeuliza: tairi moja ya kila gari ni bei gani Butembo, na breki zake zinapatikana? Alikuwa ameshapita madukani. Bei za V8 alizisoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya michango ya harusi ya adui.

TX wameipeleka kwa fundi apime silinda hedi kabla ya kutoa hata dola moja. Ikionekana imepasuka wataanza kutafuta upya, na V8 itakuwa imeshachukuliwa na mwingine, jambo ambalo mkwe wangu amesema halitamnyima usingizi. Mumewe bado ananitumia picha za vile viti.